Dada Yangu Alipoacha Chai

Kaveke ni dada yangu, amenitangulia kwa miaka kumi, na sijawahi kuona mtu wa kuficha mambo kama yeye. Anaweza kuvunjika mguu akakwambia ni kiatu kinambana. Sisi ni Wakamba, tulizaliwa Mwala, upande wa Machakos, na mama yetu alikuwa vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekosa kipaji hicho. Jino likiniuma, Kawangware nzima ninakokaa inajua kabla ya saa sita. Naitwa Mumbua, ni fundi wa nguo, nina cherehani yangu pale Riruta Satellite, na wateja wangu wamezoea kelele zangu.

Yeye alikuwa Kibera, Kisumu Ndogo, pamoja na mumewe Mulei ambaye ni mwashi, na sokoni walimwita Mama Muia. Aliuza muthokoi, yale mahindi ya kwetu yanayotwangwa mpaka maganda yatoke, yakapikwa na maharagwe. Chakula cha vibarua hicho, ukila sahani moja unasahau njaa mpaka usiku. Kibanda alikigawana na Musimbi, au Mama Lavender, Mmaragoli mmoja mjane kutoka magharibi aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Miaka kumi na sita wamekaa bega kwa bega, mmoja na sufuria yake, mwingine na meza yake ya samaki. Kila saa nne asubuhi Musimbi alifungua chupa ya chai. Ilikuwa chai ya maziwa, majani mengi, sukari bila huruma, na ilimiminwa vikombe viwili. Wateja walijua kusubiri. Hata siku walizokuwa wamenuniana chai ilinywewa, wakaendelea kununiana baada ya kikombe.

Kuchoka kwa Kaveke kulianza mwaka wa 2007, kama mwezi wa sita hivi. Alianza kusinzia akiwa ameshika mwiko. Alitia chumvi kwenye sufuria mara mbili, vibarua wakamrudishia sahani. Joto lilimpanda ghafla asubuhi ya Julai, wakati Nairobi yote imejikunyata kwa baridi, akatiririka jasho kama aliyekimbizwa na polisi. Na hasira, jamani! Siku moja alirusha viatu vya Mulei nje ya nyumba kwa sababu vilikuwa vinamwangalia. Ndivyo alivyosema, vinamwangalia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mulei alisema ni malaria. Kanisani walimwombea dhidi ya roho ya usingizi. Yeye mwenyewe aliamua kwamba ni uvivu, na dawa ya uvivu ni kazi, kwa hiyo akaongeza mahindi kwenye kinu. Nilimwambia aende hospitali. Akaniuliza atamwambia daktari nini, kwamba amechoka? Nani Kibera hajachoka? Niliacha kubishana naye, nikarudi kwa cherehani yangu nikiwa nimechoka kuliko yeye.

Halafu ikaja kura, na matokeo yake, na moto. Siku ya mwisho ya Desemba Kaveke na Mulei walifika kwangu Kawangware na furushi moja. Huku nako hakukuwa salama, tulikaa ndani siku nyingi tukisikiliza mayowe ya mitaa ya jirani, lakini angalau tulikuwa pamoja. Kisumu Ndogo vibanda viliungua safu nzima. Chao kilibaki. Kilibaki kwa sababu Musimbi alisimama mbele yake na kisu cha samaki, akawaambia vijana wenye petroli kwamba kibanda ni chake chote, na hizo sufuria za Mkamba amezinunua. Wengine walimjua, wakapita. Kaveke aliposikia habari hiyo alisema, “Mama Lavender ni mtu.” Kwa dada yangu, hayo ni mahubiri.

Kuishi naye chumba kimoja kulinifungua macho. Kila asubuhi alianika shuka lililolowa, na akiniona namwangalia, anasema alimwaga maji. Katikati ya Januari barabara zilipotulia kidogo, nilimshika mkono, nikampeleka kliniki ndogo ya hapo Kawangware, kwa sista mmoja anayeitwa Wakarima. Sista alimpima malaria, presha, sukari, na ile damu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja. Vyote safi. Halafu akamuuliza, “Mama, mwezi uliona lini mara ya mwisho?”

Kaveke aligeuka akanitazama nitoke. Sikutoka.

“Kabla ya Pasaka,” alisema. “Pasaka ya mwaka jana.”

“Basi huna ugonjwa, mama. Hedhi inakoma. Mwili unabadilisha gia, na wewe unauongezea mzigo.”

Sista alizungumza naye taratibu. Hiyo chai ya majani mengi aiache kwanza, kwa wengine ndiyo inayouwasha huo moto. Anywe maji. Kila siku atembee nusu saa bila mzigo kichwani. Kinu ampe mwenye mikono michanga, jiko lisogezwe mbali na kiti chake, sweta za nailoni ziende kabatini, na alale mapema, saa zile zile kila siku. Ale maharagwe yake na mboga, na omena kwa wingi, maana mifupa inadai. “Na waambie watu wa karibu,” alimaliza, “ili wakusaidie. Usibebe peke yako.”

Katika yote aliyoambiwa, hilo la mwisho ndilo alilolitupa hata kabla hatujafika mlangoni. Njiani aliniapisha. “Mumbua, ukimwambia mtu hii maneno, mimi na wewe tumemalizana.”

“Hata Mama Lavender?”

“Hiyo ni maneno ya kusema kwa soko?”

Nilipaswa kukataa kiapo hicho. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, na kwa sababu nilidhani mtu mwenye miaka arobaini na tisa ana akili zake.

Alirudi Kibera mwishoni mwa Januari. Sasa elewa ilivyokuwa. Wiki chache nyuma, mkubwa mmoja wa Ukambani alikuwa amekubali cheo kwenye serikali iliyokuwa ikibishaniwa, na Kisumu Ndogo jina la Mkamba likageuka kuwa msaliti. Watu walikuwa wanapimana kwa macho. Uvumi ulikuwa umetembea kwamba kuna wanaotia sumu kwenye maji. Ni katika mwezi huo, na mtaa huo, ndipo dada yangu alipoketi kwenye kibanda kilichookolewa, saa nne, Musimbi akamimina vikombe viwili, na yeye akasema, “Leo sinywi.”

“Unaumwa?”

“Siumwi.”

Na akatoa kwenye kikapu chake chupa ya maji aliyochemsha mwenyewe nyumbani, akanywa. Bila neno lingine! Haya yote niliyapata baadaye, nusu kwa Kaveke na nusu kwa Musimbi, na kila mmoja ametia chumvi upande wake. Lakini hapo wanakubaliana. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Halafu akasogeza jiko lake hadi mwisho wa kibanda, hatua tatu kutoka kwa Musimbi. Joto likimpanda alijipepea kwa kifuniko cha sufuria, amekaa hapo kando ya meza ya omena.

“Ati samaki yangu imeanza kunuka, Mama Muia?”

“Hapana,” alisema Kaveke, akaendelea kupepea.

Hapana! Ndiyo hotuba yote aliyotoa. Saa nane, wateja wakipungua, alifunika sufuria, akashika njia ya reli mpaka Soweto East na kurudi. Upande huo Wakamba ni wengi. Mtu akimuuliza anaenda wapi, anasema, “Natembea tu.” Nani alikuwa anatembea tu Kibera mwezi wa Februari? Watu wakasema anaenda mikutano ya watu wake. Kinu alikipumzisha, akaanza kununua mahindi yaliyotwangwa tayari, wakasema anajiandaa kuhama. Saa kumi na moja akafunga kibanda, hakubaki tena kupiga porojo na wenzake, wakasema kikao chao ni kichafu kwake.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ile dawa ilifanya kazi. Wiki ya nne alianza kulala. Akaacha kusinzia na mwiko mkononi. Joto lilikuja bado, lakini likapunguza vurugu, na Mulei akarudisha viatu vyake karibu na kitanda. Alikuja kunitembelea akiwa na uso wa mtu aliyerudishiwa mwili wake, na katikati ya habari hizo njema akaniambia, kwa sauti ya kusimulia mvua, kwamba Musimbi sasa analeta kikombe kimoja.

“Na wewe umemwambia nini?”

“Nitamwambia nini?”

“Mwambie ukweli!”

“Ataniita nyanya, ati nimezeeka.”

“Sasa anakuita msaliti! Hilo ni afadhali?”

Akachukua kikapu chake akaenda zake. Kwa miguu, Kawangware hadi Kibera, maana kutembea kulikuwa kumemnogea. Mtu huyo hakuwa na rafiki mwingine duniani. Mimi ni ndugu, Mulei ni mume, lakini rafiki alikuwa na mmoja, na alikuwa anampoteza kikombe kwa kikombe huku amefunga mdomo.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, siku mbili baada ya wakubwa kutia sahihi mapatano na kushikana mikono kwenye televisheni, alitokea kwangu asubuhi. Akaketi kwenye benchi la wateja, akalia. Niliacha kushona. Dada yangu hakulia tulipomzika baba.

Lavender, mtoto wa kwanza wa Musimbi, alikuwa amejifungua. Msichana huyo aliolewa na Collins, fundi wa viatu, nao waliishi hapa hapa Kawangware, vichochoro viwili kutoka kwangu. Kaveke alikuwa amemlea Lavender kwa magoti yake hapo kibandani, amemlisha muthokoi akiwa na miaka minne. Na sasa Musimbi alikuwa amewaita wanawake wote wa safu yao waende kumwona mtoto, akamruka yeye. Kaveke alijua tu alipofika asubuhi akakuta meza zote zimefunikwa.

“Inuka,” nilimwambia. “Twende.”

“Sijaitwa.”

“Mimi ni jirani ya Lavender, na wewe ni mzigo wangu. Inuka!”

Chumba kilikuwa kama vyumba vyote vya mzazi. Mlango umerudishwa, dirisha limezibwa kwa shuka ili upepo usimpate mtoto, jiko la makaa liko hapo mlangoni, na wanawake wanane wamebanana kwenye kitanda, vigoda na madebe. Musimbi alikuwa kitandani na mjukuu mikononi. Alinisalimia mimi, “Karibu, Mumbua,” na macho yake yakampita Kaveke kama pazia. Lavender ndiye aliyemnyooshea mkono, “Auntie, kaa hapa.” Tukakaa. Chai ikaanza kumiminwa, maana kwa mzazi huendi ukatoka mkavu. Mama Shivachi, aliyekuwa akimimina, alipofika kwa dada yangu alisita.

“Huyo usimpe,” alisema Musimbi bila kuinua macho. “Yeye hanywi vitu vya watu wetu. Ako na chupa yake.”

Nilimtazama Kaveke nikaona jasho limeanza shingoni. Siku hiyo, kwa heshima, alikuwa amevaa ile sweta nzito ya nailoni aliyokatazwa. Jasho likapanda kwenye paji la uso. Akavua kitambaa cha kichwa. Akavua sweta, akagonga kikombe cha mtu. Kisha akasimama, na kabla sijamshika akalivuta lile shuka la dirishani, upepo ukaingia wote.

“Unataka kuua mtoto?” Musimbi alipaza sauti, akamfunika mjukuu kwa kifua. “Kura haikuwatosha? Sasa mmefika mpaka kwa mtoto?”

“Ni joto!” Kaveke naye akapaza, na sauti hiyo sikuijua, sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. “Naungua, Mama Lavender! Damu yangu imekatika, umesikia? Imekatika tangu Pasaka ya mwaka jana! Moto unatoka hapa mpaka hapa, nikiwa kwa jiko, nikiwa kanisani, hata nikiwa kwa choo! Sista alisema niache chai. Chai yote, si yako peke yake, hata ya Mulei sinywi! Kwa reli natembea kwa sababu niliambiwa nitembee. Mkutano gani? Mimi hata mkutano wa akina mama wa kanisa huwa nasinzia! Na omena yako hainuki. Omena yako ndiyo niliambiwa nikule!”

Collins, mwenye nyumba, alikuwa amefika mlangoni na mikate miwili. Aligeuka polepole akarudi alikotoka pamoja na mikate yake. Mtu mmoja alicheka kidogo, akajikohoza. Kaveke alibaki amesimama dirishani, kichwa wazi, kifua kinapanda na kushuka, na nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Musimbi hakucheka. Alimpa Lavender mtoto.

“Na usiku?” aliuliza.

“Usiku shuka unalikamua.”

“Na hiyo kuchoka, unaamka nayo? Unalala unaamka nayo?”

“Naamka nayo. Nilikuwa naamka nayo.”

“Na huyo sista alikupima ile damu ingine?”

“Alipima yote. Hakuna kitu.”

Musimbi aligeukia ukuta. Mabega yake yalianza kutikisika, na hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga na kelele zangu zote. Mumewe alikuwa amekufa miaka minne nyuma, amekonda, anakohoa, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Jasho la usiku kwake lilikuwa na maana moja tu. Naye pia alikuwa nalo tangu Agosti, anauza omena, anamimina chai, anangoja kukonda, na hajathubutu kupimwa.

“Jumatatu saa tatu,” nilisema. “Wote wawili, kliniki. Na asiyekuja nitamfuata na mkasi.”

Jumatatu walikuja. Musimbi aliingia kwa sista, mimi na Kaveke tukabaki kwenye benchi la nje. Alikaa sana. Kaveke alikuwa ameshika mkoba wa mwenzake kwa mikono miwili, hasemi, na kwa mara ya kwanza sikumlaumu kwa kutosema. Musimbi alipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana, nikainuka.

“Haiko,” alisema.

“Nini haiko?” niliuliza.

“Ugonjwa. Haiko. Ni hiyo ya Mama Muia.” Akamgeukia. “Miezi saba! Miezi saba najizika mwenyewe, na wewe mwezi mzima umekaa hapo kando yangu na jibu kwa kikapu! Ungekufa ukisema?”

“Na wewe? Si ungeuliza?”

“Niulize nini? Mtu anapepea samaki yangu!”

Waligombana kutoka mlango wa kliniki hadi barabarani, na barabarani mpaka karibu na soko, wakipita katikati ya mikokoteni kana kwamba njia ni yao. Nilikuwa nyuma yao, na nilishukuru Mungu kwa kila tusi. Kisha Musimbi akasimama ghafla, mwenye mkokoteni nusura amkanyage.

“Sasa nitamwambia Vincent nini?” alisema. Vincent ni kitinda mimba wake, yuko darasa la sita.

“Umwambie nini kuhusu nini?” aliuliza Kaveke.

“Kwamba hahami. Nilimwambia nikienda, asichukuliwe na watu wa baba yake, aende kwa Mama Muia. Ameshapanga mpaka vitabu vyake kwa sanduku.”

Kaveke alimtazama. “Ulimwambia lini?”

“Hii Februari.”

“Februari hukuwa unanisalimia!”

Musimbi alimwangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akachukua mkoba wake mikononi mwa Kaveke.

“Salamu ni ya mimi na wewe,” alisema. “Mtoto si angelelewa?”